Ruhusa ya Wote

Kila mlango alioufunga, Komeo aliurudia. Alifunga, akapiga hatua mbili tatu kama anayeondoka, kisha akageuka na kuuvuta kwa nguvu kama mwizi. Mlango wa nyumbani, wa ofisini, hata wa choo cha wageni. Watu walimcheka, jina la utani likaganda, na tabia hiyo hakuiacha hadi mauti yalipomfika.

Kazini alikuwa yuleyule. Katika hospitali binafsi iliyomwajiri, picha na majibu ya wagonjwa havikukaa kabatini. Vilihifadhiwa kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali ambazo hospitali ilizikodi. Komeo ndiye aliyeandika sera za ruhusa, nani aone nini. Maabara waweke majibu, daktari asome ya mgonjwa wake tu, wahasibu waone bili, basi. Akimaliza, aliingia kwa akaunti tupu ya mfanyakazi asiye na ruhusa yoyote, akajaribu kuiba. Akikataliwa, ndipo alipokunywa chai.

Mdogo wake, Kitinda, alikaa mapokezi hapohapo. Alipofanyiwa upasuaji wa kutolewa kizazi, Komeo aliweka katazo kwenye faili lake, katazo lenye kushinda ruhusa zote, na mtu wa kwanza kukatazwa alikuwa yeye mwenyewe. Kitinda alilihitaji. Mumewe, dereva wa lori la masafa marefu, alijua ametolewa uvimbe tu. Yaliyobaki Kitinda alitaka kumwambia kwa mdomo wake, ana kwa ana, atakaporudi. Na wifi yake, dada wa mumewe, alikuwa mhasibu palepale ghorofani.

Siku moja daktari mgeni akakwama, faili la mgonjwa wake halifunguki. Mkurugenzi akaja juu, kwenye korido, mbele ya watu, akitaka wafanyakazi wote wafunguliwe kila kitu.

"Hapa sisi ni familia moja, Komeo. Familia haifungiani milango."

"Kwani mzee, choo cha kwako hakina komeo?"

Korido nzima iliangua kicheko. Mkurugenzi hakucheka. Wiki iliyofuata alimtuma Komeo tawi la mbali, na kwa kuwa yeye pia alikuwa na nywila kuu, akafuta sera zote, makatazo na yote, akaweka mstari mmoja tu: wafanyakazi wote wasome yote.

Kitinda aliyajua hayo jikoni kwake. Wifi alikuja kumjulia hali, akamshika bega, sauti imejaa asali.

"Pole, wifi yangu. Kumbe hata kizazi hakipo. Kaka yangu anajua?"

Kitinda aliendelea kusuuza kikombe kilekile hadi mgeni alipoaga.

Komeo aliporudi, Kitinda alimvaa mlangoni mwa ofisi. Alimwambia amemuuza kwa mawifi.  Komeo aliingia kwa ile akaunti tupu, akagusa faili la mdogo wake, likafunguka. Alikifunika kioo kwa kiganja kabla hajasoma neno.

Akaenda kwa mkurugenzi, na sauti zao zilisikika hadi mapokezi. Mkurugenzi alisema amerahisisha kazi, na kwamba mambo ya wanawake hayajawahi kuua mtu. Komeo akarudi mezani, akaandika sera upya, safari hii akimkataza na mkurugenzi. Kabla ya saa sita mchana alikuwa hana kazi.

Kitinda alimkuta ngazini na boksi lake. Hasira ilikuwa haijamtoka. Ilikuwa juu ya mkurugenzi na wifi, lakini aliyekuwa mbele yake ni kaka. Akamuuliza, yeye wa kuvutavuta milango, alikuwa wapi mlango wa mdogo wake ulipofunguliwa. Hakumsaidia hata kubeba boksi.

Hawakuonana tena. Moyo wa Komeo ulisimama mwezi huohuo. Msibani mkurugenzi alitoa rambirambi kwa niaba ya familia nzima ya hospitali, na Kitinda akatoka nje asije akamtemea mate. Siku ile, pale ngazini, kaka yake alikuwa ameweka boksi chini na kumwambia jambo moja, ambalo alilitii usiku uleule akiwa bado amefura:

"Mpigie mumeo leo, Kitinda. Mwambie wewe. Dada yake hatasubiri afike."