Nyundo ya Kreszentia

Miaka thelathini na moja Kreszentia Imboden alilinda mfereji unaopeleka maji ya kijito cha mlimani kwenye malisho ya kijiji. Mferejini, gurudumu dogo lililozungushwa na maji liliinua na kuangusha nyundo ya mti. Ikigonga ko, ko, ko, maji yanapita; ikinyamaza, mbio! Maana alasiri theluji ya juu ikiyeyuka, kijito hufura na kuuziba mfereji kwa kokoto.

Alasiri moja, akiwa kitandani na kikohozi, nyundo ikanyamaza. Akapanda anatweta, sepetu mkononi. Kufika, maji yanapita vizuri, ndege wa kijitoni anazamia wadudu chini ya mawe, na nyundo imefungwa skafu. Kando ameketi Theodul, jirani waliyezozana naye miaka nenda rudi.

“Zuzu wewe! Nani kakutuma?”

“Kikohozi chako, jirani. Nimesema leo upate usingizi. Maji nayalinda mimi.”

“Usingizi? Kimya ndicho kinachoniamsha!”

Theodul akashika kichwa, akaifungua nyundo, na ile skafu akamzungushia shingoni.

“Asante, zuzu,” akasema Kreszentia, akijinyoosha nyasini. Nyundo haijagonga hata mara kumi, tayari anakoroma.