Wingu Kwenye Kioo

Niliwahi kuamini, tena kwa moyo wote, kwamba watu wa Bungoma hawana roho. Asubuhi ya leo hapa Kitale pumzi yangu imefunika kioo kidogo cha nyanya yangu, niliyemwita Kukhu, nami nikakawia kukifuta.

Mwalimu wa shule ya Jumapili alitufundisha kwamba Mungu alimpulizia Adamu pumzi, akawa nafsi hai. Kwa baridi ya Kitale, roho yangu niliiona kila asubuhi ikitoka mdomoni, nyeupe. Kisha nikapelekwa Bungoma kwenye joto, kwa nyanya aliyekuwa mgonjwa. Nilimtazama mdomoni weee, hakuna kitu, wala kwa mtu mwingine yeyote wa huko. Nikaogopa atakufa bila chochote cha kwenda mbinguni.

Nikamletea kioo chake, nikakisogeza karibu na mdomo wake.

“Kukhu, pumua hapa.”

“Ati nini?”

“Pumua tu!”

Akapumua. Wingu dogo likatanda kwenye kioo, laini kama maziwa. Nilipiga magoti kwenye sakafu iliyonuka samadi mbichi, nikasema amina. Jirani alipoleta uji, nikamnong'onezea kwamba nimeiona roho ya nyanya, bado iko.

Akaweka kikombe chini, akanitazama.

“Roho iko, bana. Kwako ndio akili haiko.”