Niliweka injini ya silinda sita kwenye gari la marehemu baba mkwe, nusura nikose mke

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Haya yamenikuta mimi mwenyewe, sikusimuliwa na mtu. Mwenye shaka aje Nateete aulize gari linalopiga kelele kuliko spika za kanisani, ataonyeshwa.

Mimi ni Mkenya, nipo huku kikazi mwaka wa tano. Nikampenda binti wa Kiganda, tumwite Prossy. Prossy alinikubali bila shida. Shida ilikuwa mama yake. Kila tukiomba tarehe ya kwanjula, ile siku ya mchumba kutambulishwa rasmi ukweni, mama anasema "mmh" halafu anauliza kama Nairobi kumenyesha.

Bila kwanjula hakuna ndoa. Nilikuwa nimeanza kukosa usingizi, siwafichi.

Ikabidi ssenga aingilie. Ssenga ni shangazi, dada wa baba, na kwenye mambo ya ndoa ndiye mwenye usemi. Akaniambia marehemu mzee aliacha MG, kale kagari ka Kiingereza ka viti viwili na paa la turubai. Lilikuwa limelala nyuma ya nyumba miaka mingi, kuku wanatagia kwenye kiti cha dereva.

"Mama anapenda ile gali sana," ssenga akasema. "Wewe amusha hiyo gali, yeye atakuwa laini."

Mtu mwenye akili angefufua injini iliyokuwemo. Mimi nikajifanya mjuaji.

Injini yenyewe ilikuwa ya silinda nne, kutu imeila hadi ndani. Nikasema mzee wa watu aliteseka bure na hiki kinu cha kusagia karanga, wacha nimwekee mjane wake kitu cha heshima. Nikapata injini ya silinda sita kutoka kwa sedani ya Kijapani iliyogongwa nyuma.

Fundi wangu ni Papa Espoir, Mkongomani wa Bukavu, ana gereji yake hapo Nateete. Aliizunguka ile injini mara mbili, akalizunguka gari mara mbili, akacheka peke yake.

"Boss, injini iko mukubwa. Nafasi iko kidogo. Lakini nyundo iko."

Miezi saba, wakuu. Tulikata boneti kwa sababu kichwa cha injini kilichungulia nje. Tukasukuma radieta mbele hadi ikakaribia kuwa bampa. Vishikio vya injini alivichomelea kwa vyuma vya kitanda cha zamani, na hadi leo havijatikisika.

Tatizo likawa mhimili wa usukani. Uko kulia, injini nayo inautaka huo huo upande. Papa Espoir akaisogeza injini kushoto, gia boksi ikafuata. Basi mkono wa gia ukatokea kushoto na nyuma, kabisa kabisa kwenye goti la abiria.

Tuliona ni kichekesho tu. Kila nikiingiza gia ya pili nampapasa fundi goti. Yeye anasema, "Pole pole boss, niko na bibi nyumbani." Tunacheka, tunaendelea.

Hapo ndipo ujinga wangu ulipo. Miezi saba nawaza moto, breki, uzito wa mbele. Hata mara moja sikujiuliza nani atakaa kile kiti cha pili.

Siku ikafika. Jumapili, baada ya ibada, ukoo mzima upo uani. Nikakunja paa, nikaliwasha, Papa Espoir kasimama pembeni. Kuku wakaruka ukuta, watoto wakashangilia, wajomba wakaweka mikono kiunoni. Nikajiona mfalme.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama mkwe katoka na gomesi ya kijani, lile gauni refu la heshima la Kiganda, mkoba mkononi, uso unang'aa. Hakumtazama mtu. Akaja moja kwa moja hadi kwenye gari la mumewe, akaweka mkono kwenye mlango wa abiria.

Wajomba wakashusha mikono, injini inaendelea kunguruma.

Kwa wasiojua: Buganda mkwe na mama mkwe hawagusani. Hawapeani mkono, hawakai kiti kimoja. Wakigusana ni obuko, mwiko mkubwa, wanasema unaweza kutetemeka mikono maisha yako yote. Nililijua hilo vizuri, maana miaka miwili nimekuwa nikimwamkia nikiwa mbali. Sasa nimemjengea gari ambalo siwezi kufika gia ya pili bila kumshika goti!

Ssenga akapasua hewa. "Wewe Mukenya! Toka hapo halaka!"

Hakumaliza. Mlango wangu hufunguka kwa nje tu, kwa hiyo niliruka juu yake. Suruali ikachanika kuanzia kalio hadi goti, nikatua kwa magoti mbele ya ukoo nikiwa kama mtoto aliyekojoa darasani. Papa Espoir akafuta mikono kwenye ovaroli, akaingia yeye asiye mkwe, wakaondoka. Mama alikuwa anacheka na kitambaa chake kinapepea. Mimi nimebaki na moshi.

Niliona mambo yameisha. Prossy hakuniangalia.

Waliporudi, mama akamnong'oneza ssenga, kisha ssenga akanijia.

"Mama anasema injini ni kitu ya kununua, haimushangazi. Lakini amekuona ukiluka. Hukuuliza kwa nini, hukuona haya, umemukimbia kwa heshima. Lete watu wako mwezi ujao."

Nililia, wakuu. Nikiwa nimeshikilia suruali kwa nyuma, nililia.

Funzo: kabla ya kupima injini, pima nani atakaa wapi. Silinda sita zilinichukua miezi saba na hazikunipa kitu. Mke nimempata kwa sekunde tatu za kutoroka kiti.

Mafundi mliowahi kuhamisha gia kama hiyo, mwageni ujuzi hapa. Na mliooa Buganda, njooni mniambie mapema: ni kipi kingine ambacho sipaswi kugusa?