Shavu Lililokamatwa Mpakani

Mwanangu, nakumbuka siku moja, vita vya Kongo havijatulia, natoka Bukavu na kikapu cha vitenge, nikakamatwa mpakani kwa sababu ya shavu langu.

Taya la kushoto lilikuwa limevimba. Halikuwa linauma, kwa hiyo nililifunika kwa kitambaa, nikakaza fundo chini ya kidevu. Majirani wangeliona wangesema nimelishwa sumu. Unawajua bantu ba huku, hawana dogo. Sasa fikiria: nyakati zile watu wanavusha dhahabu mahali pa ajabu, halafu mimi napita nimefunga shavu, naitikia salamu kwa pua!

Mpekuzi wa pale, mama mtu mzima, akanivuta pembeni. "Maman, temea mu mukono."

"Sina kitu, Maman."

"Fungula kinywa!"

Akatia kidole, akakuta kigumu. "Iko hapa!" akamwita askari, akavuta. Weee! Nilipiga kelele hadi wauza sambaza wakaacha samaki wao kuja kutazama. Akabonyeza tena, polepole, uso ukambadilika.

"Hii iko ndani ya mufupa. Tangu lini?"

"Tangu mavuno ya mwaka jana."

"Mwaka! Uko na batoto?"

"Babili," nikamwonyesha vidole viwili.

"Mupumbafu weye! Kikapu kinabaki hapa mpaka daktari akuone."

Nilimtukana moyoni njia nzima hadi hospitali.

Daktari akapiga picha ya taya. Nikamuuliza kama ni kansa. Akasema kwa macho hawezi kujua. Lazima akitoe hicho kigumu, kipimwe. Hapo nililia, mwanangu. Baba wa wale batoto alikwisha kufa vitani, nani angewalea? Akanichoma ganzi, akafungua ufizi, akatoa mfuko wa maji, na ndani yake jino! Jino langu mwenyewe lililokataa kuota, limejijengea nyumba mfupani.

Majibu yalichelewa, nikakonda. Yakaja: si kansa. "Lakini ungengoja zaidi," daktari akasema, "taya lingevunjika ukitafuna muhindi."

Niliporudi mpakani na yule mama mpekuzi akasikia habari ya jino, alicheka mpaka akakaa juu ya kikapu changu.

Basi, uvimbe wa kinywani usiusubiri uume. Kidonda kisichopona, jino linalolegea bila sababu, nenda ukaonyeshe. Daktari akitaka kukata kipande apime, mwache akate. Jirani asikuambie ni sumu, na mimi nisikuambie ni jino. Sisi hatuoni ndani ya mfupa.

Wale batoto babili nimewaoza wote. Mungu akupe na wewe umri wa kufika kwenye harusi za wanao, na meno ya kutafuna nyama yake.