Mstari Mdogo Chini ya Lita Tano na Nusu

Nilikwenda Guangzhou, Uchina, kusomea upakaji rangi wa nguo, na nilipomaliza masomo sikurudi Tanga mara moja. Ilikuwa miaka ya mwisho ya tisini. Wafanyabiashara kutoka kwetu walikuwa ndio kwanza wanaanza kufika, mmojammoja, na wengi walishukia mtaa wa Xiaobei kwa sababu hoteli zilikuwa rahisi na nyama ilikuwa ya halali. Hawakujua Kichina, na mimi nilikuwa nakijua. Nikawa mkalimani. Asubuhi niliwapeleka watu Zhongda kuchagua vitambaa, mchana Shahe kununua nguo za mtumba mpya, kama walivyoziita wenyewe, na jioni niliwaandikia orodha za mizigo yao za kumpa wakala.

Kazi ya magari ilinijia kwa njia ya tajiri mmoja wa Kichina aliyekuwa na duka la magari madogo upande wa kaskazini wa mji. Yalikuwa yale magari mafupi ya mraba ambayo Wachina wenyewe huyaita magari ya mkate, kwa sababu yamekaa kama boflo. Tajiri huyo nilimheshimu. Mwaka wangu wa kwanza, bweni lilipofungwa kwa Sikukuu ya Majira ya Kuchipua, ndio mwaka mpya wa Kichina, na sikuwa na pa kwenda, mke wake alinikaribisha kwao siku nne, akanipikia samaki tu baada ya kuambiwa sili nguruwe. Kwa hiyo aliponiomba nimfasirie karatasi ya matangazo ya gari lake kwa Kiswahili, nilikubali kabla hajamaliza kusema.

Karatasi ilikuwa na picha ya gari jeupe kando ya ziwa. Chini ya picha, kwa tarakimu kubwa nyekundu: lita tano na nusu kwa kilomita mia. Chini ya tarakimu hizo kulikuwa na mstari wa herufi ndogo kama sisimizi. Ulisema kwamba kipimo hicho kilichukuliwa gari likienda mwendo wa kilomita hamsini kwa saa bila kubadilisha, kwenye barabara tambarare, likiwa na dereva peke yake.

Nilimwuliza tajiri kama niuandike na huo.

"Huo hausomwi na mtu," alisema. "Kila kiwanda kinao. Karatasi itajaa."

Sikuuandika. Nilijiambia ni maneno ya mafundi.

Miezi michache baadaye alikuja mama mmoja kutoka Katanga, kusini ya Kongo. Alikuwa muuguzi na mkunga, mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye msalaba mdogo wa mbao shingoni na mkoba wa ngozi ambao hakuuweka chini hata alipokula. Kanisa lake na dada zake wa jumuiya walikuwa wamechanga kwa miaka mitatu ili zahanati yao ipate gari la kupeleka wajawazito hospitali kubwa. Kwao wanaendesha upande wa kulia kama Wachina, kwa hiyo gari la hapa lingewafaa bila kugeuzwa usukani. Nilimpeleka kwa tajiri.

Alilizunguka gari lile mara mbili, akalala kwenye sakafu ya nyuma kupima kama mgonjwa angeenea, akaamka akijikung'uta sketi. Kisha akakaa na karatasi yangu. Alisoma polepole, kidole chini ya kila neno, maana Kiswahili changu cha Tanga na chake cha Katanga havikuwa sawa.

"Mutoto yangu," aliniambia, "kutoka kwetu mupaka hospitali ni kilomita mia mbili na kumi. Njiani hakuna mahali pa kununua esansi. Kuko batu wanauza mu chupa, lakini banachanganya na maji. Tangi ya hii gari inakamata lita ngapi?"

"Thelathini na sita, mama."

Alitoa kalamu akapiga hesabu pembeni mwa karatasi. Nikaona uso wake ukilegea kwa mara ya kwanza tangu afike. Kwenda na kurudi ni mia nne na ishirini. Tangi moja, kwa maneno ya karatasi, lingefika zaidi ya mia sita. Angekwenda, angerudi, na bado mafuta yangebaki.

"Njo hii," alisema, yaani ndiyo hii. Palikuwa na duka jingine lililomwonyesha pikapu ya dizeli, kuukuu lakini yenye matangi mawili. Aliiacha.

Siku iliyofuata tulikula tambi za nyama katika mkahawa mdogo wa Waislamu pale Xiaobei. Malipo yalikuwa yafanyike kesho yake. Nilimwuliza, kwa kuzungumza tu, kwa nini anajali mafuta kuliko injini au matairi.

Aliweka vijiti chini. Alinieleza kwamba zamani walikuwa wakiazima gari la kampuni ya mbao. Dereva aliambiwa mafuta yanatosha. Yalikwisha njiani, kwenye pori, mama mmoja akiwa nyuma na mtoto amekaa vibaya. Dereva alikwenda kwa miguu kutafuta mafuta. Yeye muuguzi alibaki na mgonjwa kuanzia asubuhi hadi alasiri.

"Niliosha mikono na maji ya kunywa," alisema. "Nilifanya yote nilijua." Akachukua vijiti vyake tena, akala. Hakusema mwisho wake, nami sikuuliza.

Nilitaka kumwambia habari za ule mstari wakati ule ule. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini nilimfikiria tajiri, nikafikiria na jina langu pale mjini, kwamba mkalimani aliyeficha kitu mara moja hataaminiwa tena. Nikatafuta njia ya mwoga. Nikamwambia, "Mama, kabla ya kulipa tuliendeshe. Tulijaze tangi, tuende mbali turudi, tulijaze tena tuone limekula kiasi gani." Nilitaka gari liseme kile ambacho mimi sikuweza kusema.

Alifurahi. Alisema nina akili.

Tajiri naye hakukataa. "Hakuna tatizo," alisema, na akaja mwenyewe kuendesha. Mama alisisitiza gari libebe uzito wa kweli, kwa hiyo tulipitia Zhongda tukapakia marobota ya kitambaa alichokuwa amekwisha nunua, kiasi cha watu wanne. Tukajaza petroli hadi mdomoni mwa tangi, mama akichungulia kwa macho yake, tukaelekea Conghua kwenye vilima.

Kutoka mjini tu kulituchukua saa nzima na zaidi. Malori, baiskeli, barabara zilizochimbwa kila mahali kwa ajili ya ujenzi. Gari lilisimama, likasogea, likasimama. Nilikaa kiti cha nyuma juu ya robota, nikitazama mshale wa mafuta kupitia katikati ya mabega yao. Vilimani injini ilinguruma kwa gia ya pili. Tajiri, ambaye mwanzoni alikuwa akituonyesha mashamba ya lichi na kusimulia habari za babu yake, sasa alikazana na usukani tu. Akazima kiyoyozi. Tukafungua madirisha, vumbi likaingia, mama akajifunika pua kwa leso yake.

Tuliporudi tulisimama kwenye kituo kile kile, pampu ile ile. Tulikuwa tumekwenda kilomita mia na sabini. Kwa mujibu wa karatasi yangu, tulipaswa kurudisha lita tisa na kidogo. Namba za pampu zilipita tisa, zikapita kumi na mbili, zikapita kumi na tano. Zilisimama zilipovuka kumi na saba.

Mama aliandika. Akapiga hesabu yake upya, amesimama, mkoba kwapani. Gari lilikuwa linakula lita kumi kwa kilomita mia. Tangi lingekwisha kilomita sitini kabla ya nyumbani, na hiyo ni barabara ya lami ya Uchina, si ya kwao.

Tajiri aliniambia kwa Kichina, "Mwambie injini ni mpya, ikizoea itapungua. Mwambie na foleni ya leo haikuwa ya kawaida."

Nikamfasiria mama. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Ni yeye anasema hivyo. Na weye? Weye unasoma maandiko yao. Weye unasema nini?"

Nilitoa ile karatasi ya Kichina mkobani mwangu, nikamwonyesha mstari wa herufi ndogo, nikausoma wote kwa Kiswahili, neno kwa neno, kama nilivyopaswa kufanya tangu mwanzo. Mwendo hamsini. Barabara tambarare. Dereva peke yake.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku niliyoiandika."

"Na jana, nilipokuambia ya yule mama?"

"Nilijua, mama."

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Alikunja karatasi, akaitia mkobani, akaenda kusimama peke yake kwenye kivuli cha paa la kituo. Tajiri aliniuliza tumesema nini, nikamweleza. Alinitazama kwa mshangao zaidi kuliko hasira.

"Kila mtu anajua namba zile ni za kiwandani," alisema.

"Yeye hakujua."

"Basi wewe ungemwambia," akasema, na hapo alikuwa na haki, ingawa yeye ndiye aliyenizuia.

Mama alilinunua gari lile. Ile pikapu ya dizeli ilikuwa imeuzwa asubuhi ile, na meli haikumngojea mtu. Alimtaka tajiri afunge keria ya chuma juu na aongeze madumu manne ya mafuta, na tajiri akafanya hivyo bila ubishi; nafikiri na yeye aliona haya. Mazungumzo hayo waliyafanya wenyewe kwa kuchora kwenye karatasi. Siku tatu zilizobaki mama alikwenda Zhongda peke yake na mashine yake ya hesabu. Nilimwona mara moja ng'ambo ya barabara, akiwa na mfuko begani. Sikumwita.

Nilimpelekea tajiri karatasi mpya yenye ule mstari umefasiriwa, kwa herufi za ukubwa sawa na nyingine. Aliipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akaiweka kwenye droo. Hakuichapisha. Tangu hapo hakuniita tena kazini, na Sikukuu iliyofuata sikualikwa. Kilichoninyima raha zaidi ni wale walionunua kabla ya mama, kwa karatasi ile ile. Walikuwa wawili au watatu, watu wa bara na wa visiwani. Nilikuwa nimepokea chai yao na shukrani zao, na sikuwahi kuchukua anwani zao.

Karibu mwaka ulipita. Mfanyabiashara mmoja wa Lubumbashi aliniletea bahasha hadi nilipokuwa nakaa. Ndani kulikuwa na ukurasa mmoja uliokatwa kwenye daftari la zahanati. Mama aliandika kwamba gari lilifika salama. Kwenye barabara yao, wakati wa mvua, linakula lita kumi na mbili, na wakati mwingine kumi na tatu. Kiangazi kumi na moja. Ameandika hayo kwa rangi ndani ya mlango wa dereva ili asitokee mtu wa kudanganyika. Madumu mawili huyaacha kwa katekista wa kijiji cha katikati. Wamekwisha peleka akina mama tisa. Mmoja walimchelewa, lakini si kwa sababu ya mafuta.

Hakuandika kwamba amenisamehe, wala kwamba hajanisamehe. Alimalizia kwa kuuliza kama naweza kumtafutia chujio la petroli la gari lile, kwa sababu kwao halipatikani. Nililitafuta siku mbili katika maduka ya vipuri, nikanunua manne, nikampa yule mfanyabiashara alipokuwa anaondoka. Barua ya kuambatana nayo nilianza kuiandika mara kadhaa. Mwishowe nilifunga machujio kwa karatasi tupu, na juu yake nikaandika aina ya gari na kila baada ya kilomita ngapi yabadilishwe.