Siku Mama Alipotusindikiza Kutoka Mugere

Kabla ya vita, mimi na rafiki yangu tulikuwa na ugonjwa mmoja, nao ni baiskeli. Mimi nilikuwa na duka la vipuri vya baiskeli mtaa wa Bwiza, mjini, yeye alikuwa karani wa serikali anayekaa Kanyosha, na kila Jumapili asubuhi tulikutana kwake tukashika barabara ya ziwani kuelekea kusini. Hatukuwa na shughuli yoyote huko. Tulipita Ruziba, ndagala, dagaa wa ziwa letu, zimeanikwa mchangani, tukafika mto Mugere, tukaiacha lami na kupanda bonde lake kwa njia ya vumbi, michikichi chini, migomba juu, mpaka miguu ikagoma. Watu wa bondeni walituona wendawazimu, watu wazima wanapanda mlima bila mzigo halafu wanateremka tena. Mke wangu alisema afadhali ningekuwa mlevi, maana baa za Bwiza ziko karibu na nyumbani.

Safari hizo zote ziliishia kwa mama yake rafiki yangu, aliyekuwa na nyumba ya matofali katikati ya bonde, shamba la maharagwe na kaburi la mumewe uani. Zamani aliuza mawese sokoni Bwiza, ndipo alipojifunzia Kiswahili chake, na mimi aliniita Muswahili, kama watu wanavyotuita sisi Waislamu wa mjini. Alinitania kwamba nimekuja kumaliza chakula chake. Nami nilikimaliza kweli.

Vita vilipokuja, matembezi yakafa. Mafuta ya gari yalipanda bei, watu wakarudi kwenye baiskeli, na duka langu likachangamka, Mungu anisamehe. Lakini barabara ya kusini magari yalikuwa yakiviziwa, na hata sisi wenye miguu migumu tulikwenda Mugere mara chache, pale tuliposikia kumetulia.

Siku moja rafiki yangu akaingia dukani asubuhi, siku ya kazi, na hakukaa. Alinivuta nyuma ya matairi. Kazini kwake amesikia kwamba kesho yake alfajiri wanajeshi watapanda bonde la Mugere, na kila atakayekutwa huko atahesabiwa kuwa mtu wa waasi.

"Naenda kumuleta mama," alisema. "Leo. We unakuja?"

Nilimkasirikia. Alinikera kwa kuuliza, kana kwamba Jumapili zile zote nilikuwa nafuata maharagwe tu. Nikafunga duka.

Upande wa pili wa Ruziba, kwenye njia ya kwenda Mugere, palikuwa na kizuizi cha wanajeshi, gogo lililolazwa juu ya mapipa mawili. Lilifungwa saa kumi alasiri. Baada ya hapo, anayetokea upande wa Mugere hakuulizwa jina, alipigwa risasi. Tulipopita, askari alitutazama na baiskeli zetu, akaangalia jua, akatukumbusha saa kumi kwa kuinua vidole vyote.

Sijawahi kupanda bonde lile kwa uchungu namna ile. Palipokuwa na mteremko tulioshindania zamani, sasa tulisikia minyororo yetu tu. Hapakuwa na watoto wa kutupigia kelele wala mbuzi njiani. Nguo zilikuwa zimeanikwa uani kwa watu na hakuna mtu. Nilikuwa naogopa, nasema wazi, na woga ulinifanya nimtukane rafiki yangu kimoyomoyo kila tulipopanda kilima.

Mama tulimkuta anapalilia. Alifurahi, akaweka sufuria motoni. Mwanawe akamweleza yote, kwa Kirundi, kwa upole, kisha kwa sauti ya juu. Mama akamsikiliza huku akichochea moto.

"Apana," alinigeukia mimi, kana kwamba mimi ndiye mwamuzi. "Mi sitoki hapa. Toka vita ianze wanasema basoda wanakuja kesho. Mume yangu amelala pale. Maharagi yangu inakomaa. Mukule, mupumuzike, murudi."

Mwanawe alipiga magoti. Mama akamwambia ainuke, atachafua suruali ya kazi. Nilijaribu mimi, akanipakulia zaidi. Saa nane ilikuwa inapita. Kumbeba kwa nguvu isingewezekana, kwa sababu angepiga yowe na bonde zima lingejua kuna mtu anakimbia. Waasi hawakupenda raia wakimbie. Aliyekutwa na furushi kichwani alirudishwa, na si kila aliyerudishwa alifika kwake.

Rafiki yangu akasimama. Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. Akasema basi, tunaaga.

Mama akakata mkungu wa ndizi, akaufunga mwenyewe nyuma ya baiskeli ya mwanawe, uwe zawadi yangu, kisha akafunga mlango na kuanza kutusindikiza. Kwetu mgeni haachwi mlangoni. Utamfikisha mwisho wa shamba, au kwenye njia panda, na akiwa mtu unayempenda, mbele zaidi. Na mgeni naye hapandi baiskeli mbele ya anayemsindikiza. Anaisukuma na kutembea mwendo wa mwenyeji wake mpaka aambiwe kwaheri.

Tukazisukuma. Mama alikuwa mbele, jembe ameliacha, mikononi hana kitu, mgongoni ana kitenge chake tu. Nikamwona rafiki yangu anamtazama kisogo, kisha akanitazama mimi. Nilimwelewa. Mama hawezi kuhama. Ila kusindikiza anaweza.

Mwisho wa shamba mama akapunguza mwendo. Haraka rafiki yangu akauliza shamba lile la ng'ambo, hivi kesi yake ya mipaka iliishaje? Ah! Hapo alimpata. Mama alikuwa na kesi za mipaka za bonde zima kichwani, na kila moja ilitaka kuonyeshwa kwa kidole. Tukateremka na kesi tatu. Kwenye daraja la miti akasimama, akanyoosha mkono wa kwaheri, na hadithi zikawa zimekwisha.

Niliinama kama ninayefunga kiatu, nikalegeza valvu ya gurudumu langu la nyuma. Upepo ukatoka wote.

"Mama, nimepata pancha," nilisema.

"Na pampu yako?"

"Nimeisahau." Ilikuwa ndani ya mfuko wangu wa begani, inanichoma mbavu.

"Muuza baiskeli bila pampu!" Alicheka mpaka akashika magoti. Kisha akaacha kucheka. "Mi siwezi kuacha mugeni mu njia na baiskeli yenye kufa. Twende, chini kule kuna mutu ana pampu."

Huyo mtu alikuwa ameshahama, nyumba yake ilikuwa wazi bila mlango. Mama alisimama pale akaitazama kwa muda. Nilidhani sasa ataelewa. Alisema tu kwamba hawakumuaga, tukaendelea.

Kwenye kona iliyofuata walikuwa wamekaa vijana watatu, buti za mpira miguuni, bunduki zimelazwa mapajani. Mmoja akasimama katikati ya njia, akauliza kwa Kirundi mama anakwenda wapi.

"Nasindikiza wageni wangu," mama alijibu, tena kwa ukali kidogo, kwa sababu hawakuwa wamemwamkia.

Wakamtazama juu mpaka chini. Hana furushi, hana sufuria wala kuku. Mwanamke anayekimbia haji hivyo, na yule hakuwa anakimbia. Alikuwa anasema ukweli mtupu, na ukweli ule ulikuwa unaonekana usoni mwake. Kama angekuwa anajua tulichokuwa tunakifanya, nadhani tungekufa pale.

Kijana akalipiga teke gurudumu langu, likakaa chini kama andazi, akalidharau. Baiskeli ya rafiki yangu ilikuwa kuukuu kuliko yangu. Wakafungua mkungu, wakauchukua.

"Hiyo ni ya mugeni!" mama alifoka. Nikamshika mkono. Vijana walicheka, wakatupisha.

Tulitembea bila kugeuka nyuma. Shati langu lilikuwa limelowa jasho. Hatua chache baadaye mama akasimama ghafla.

"Apana. Nyinyi mungoje hapa. Narudi nikate ingine. Muswahili hawezi kurudi kwa bibi yake mikono bure."

Rafiki yangu alinyauka. Jua lilikuwa limeshalala upande wa ziwa, na saa kumi ilikuwa inatukimbilia. Nilimwambia mama sihitaji kitu, akasema si mimi ninayeulizwa. Nikamwambia mama kwamba mke wangu hapendi ndizi.

"Anapenda nini?"

"Ndagala," nilisema, bila kufikiri.

Akafikiri yeye. Kisha akafungua pindo la kitenge, akahesabu pesa alizokuwa amezifunga humo. Ruziba alikuwa na mteja wake wa zamani, mwanamke wa ndagala, hatamnyima. "Nawafikisha Ruziba," alisema, "halafu mi narudi mbio, kuna kazi."

Aliongeza mwendo mwenyewe! Tuliingia kwenye lami tukiwa tunakimbia nyuma yake, baiskeli yangu inapiga kwata kwa gurudumu bovu. Tulipoliona gogo, askari mmoja alikuwa ameshaanza kuliteremsha. Rafiki yangu akapaza sauti, akainua kitambulisho chake juu. Askari alitungoja kwa hasira. Akampapasa rafiki yangu, akanipapasa mimi, akaitoa pampu begani kwangu, akaigeuza geuza, akanirudishia. Mama aliiona.

Tulipita wote watatu. Gogo likashuka nyuma yetu.

Mama alikwenda mpaka kwa mwanamke wa ndagala, akapewa kifurushi ndani ya jani la mgomba, akakiweka mikononi mwangu. Akanishika mkono wa kwaheri, akamshika mwanawe, akageuka kurudi. Tukamfuata mpaka kwenye gogo, na askari akamzuia.

"Mama, imefungwa. Hakuna mutu anaenda kule tena."

"Nyumba yangu iko kule. Nilikuwa nasindikiza wageni."

"Hakuna mutu."

Akamweleza tena, polepole, kama mtu anayemsaidia mjinga. Kisha akatugeukia. Aliangalia gurudumu langu, akaangalia begi langu, akamtazama mwanawe. Mwanawe akasema, "Mama, unisamehe." Mama alikaa chini, katikati ya lami, na hakulia. Sisi ndio tuliolia.

Nilijaza upepo tukamwomba apande nyuma ya baiskeli. Alikataa. Alitembea kwa miguu mpaka Kanyosha, mbele yetu, na sisi tunasukuma.

Wanajeshi walipanda kweli. Kutoka Kanyosha tulisikia milio siku nzima, mama akiwa amekaa kwenye mkeka, uso ameuelekeza kusini. Nyumba yake haikubaki, wala maharagwe. Majirani zake kadhaa hawakuonekana tena. Watu walikuja kumpa pole na kumwambia mwanawe amefanya vizuri, na alifanya vizuri, mimi nitalisema hilo mpaka nife. Ningelegeza valvu ile tena leo, na ya mbele pia.

Aliishi kwa mwanawe miaka mingi, mpaka vita vikaisha na baada yake. Alipalilia kipande cha uwanja, akapatana na mkwe wake, akanitania kama zamani na kunipakulia zaidi. Hakututupia lawama hata siku moja. Ila alikuwa hainuki tena mgeni anapoaga. Watu wa Kanyosha walidhani ni miguu.

Siku moja, tumeshakula, niliaga. Mama alinipa mkono akiwa amekaa pale pale mkekani. Rafiki yangu akainuka anisindikize hadi barabarani, na mama akamshika suruali.

"We kaa hapo," alimwambia. "Mi nilisindikiza huyu Muswahili siku moja tu, na mpaka leo sijarudi."