Njia Niliyokatazwa Kukimbia

Mtoto wangu wa pili alikufa akiwa bado ananyonya. Kijijini kwetu Daa, sisi Wairaqw tuna mwiko wa zamani: mama aliyefiwa na mtoto hukaa nyumbani miezi kadhaa, hapiti njia za watu, asije akawapelekea msiba. Kanisani tunakwenda kila Jumapili, lakini mwiko tumeushika vilevile.

Mimi nilikuwa nikijiandaa kwa mbio za milimani huku Karatu. Nilikaa ndani mpaka nikachoka, kwa sababu humo ndani nilimsikia yule mtoto akilia. Asubuhi moja nikavaa raba.

"Unakwenda wapi?" mama mkwe akauliza.

"Mlimani, mama."

"Watu watasema nini?"

"Waseme. Wao hawamsikii."

Nikapanda kwa hasira, udongo mwekundu ukinata kwenye raba. Jirani yangu alikuwa njiani na mbuzi wake. Aliponiona akawaswaga haraka ndani ya mahindi yake mwenyewe. Bora mbuzi wayale mahindi kuliko wakutane na mimi!

"Rudi kwako, we mama! Nina watoto mimi!"

"Na mimi ninaye!" nikamjibu, na maziwa yakaanza kutoka, yakalowanisha jezi.

Sikupunguza mwendo. Kadiri nilivyohema, ndivyo kilio kilivyofifia. Lakini kileleni, niliposimama kuvuta pumzi, kikaanza tena, karibu kabisa na sikio. Nikageuka, nikashuka mbio kwa njia ileile. Jirani alikuwa bado ananitukana kwa sauti kubwa, nami nikapunguza mwendo ili nimsikie yeye.